Ukurasa wa Mama na Mtoto

"Mama, mguu wangu."

Kimya kidogo, kama cha mtu anayevuta pumzi. Kisha tena:

"Mama, mguu wangu."

Melkiori Mgaya alikuwa amesimama mbele ya spika ya binti yake, koti bado liko mwilini. Alikuwa ameitwa kutoka kwenye foleni ya chai, kikombe akakisahau mezani. Pembeni yake Skolastika Mhagama, mkuu wa Nyumba ya Waliohifadhiwa hapo Njombe, alinyoosha mkono akapunguza sauti. Hakuizima. Kuizima kulikuwa kama kumfunga mtoto mdomo.

"Tangu lini?" Melkiori akauliza.

"Zamu ya asubuhi ndio waliosikia. Mashine inasema imeanza kabla. Inakuja, inaondoka. Sasa haiondoki."

"Jumapili nilizungumza naye. Alinisimulia habari za kuku."

"Hata mimi aliniimbia juzi juzi. Wimbo wenyewe hana sauti nao, lakini aliimba." Mama Mhagama akakohoa. "Mzee Mgaya, nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuficha. Mkaguzi anakuja Ijumaa."

Hakuhitaji kuongeza neno. Sheria ya Waliohifadhiwa ilikuwa fupi, na kila aliyefanya kazi pale aliijua kwa kichwa: hakuna atakayehifadhiwa katika maumivu. Akili iliyokwama kwenye mateso ilitakiwa itengenezwe. Ikishindikana, izimwe.

Sekela alikuwa na miaka sita lori la mbao lilipopinduka kwenye mteremko wa barabara ya Songea. Yeye alikuwa mbele, kwenye mapaja ya mama yake. Yusta, mke wa Melkiori, alifariki hospitalini akiwa bado ameshika kiatu cha mtoto. Wote wawili walivalishwa kofia za waya kabla miili haijapoa, na yaliyokuwemo vichwani yakahamishiwa kwenye mashine za Nyumba. Tangu siku hiyo Melkiori alikuwa na mke na mtoto wa kuzungumza nao. Wa kuwapikia hakuwa nao.

"Nani atamfuatilia?" akauliza.

"Nani mwingine? Mfuatiliaji mwenzako Kahwili kahamia Dodoma. Yule kijana aliyebaki anajua kuwasha na kuzima tu, na kuzima ndiko anakokujua vizuri."

"Mtu haruhusiwi kufuatilia wa kwake."

"Basi kataa. Nitaandika kwamba hakukuwa na mfuatiliaji, Ijumaa watamzima. Unataka hivyo?"

"Mama, mguu wangu," ikasema spika.

Melkiori akavua koti.

*

Kufuatilia ni kazi ya kutega. Huwezi kufungua akili ya mtu ukachungulia ndani kama unayechungulia sufuria. Unachagua mahali, unaweka mtego, unangoja. Wazo likipita pale, linanasa. Hapo kiini, yaani ile programu kuu inayoendesha mashine nzima na kugawa nafasi, kinasimamisha kila kitu na kumwita mfuatiliaji: huyu hapa, ametoka kule, alikuwa anakwenda huku. Unaangalia, unamwachia, anaendelea bila kujua kwamba alisimamishwa.

Tatizo ni kwamba kwenye ukurasa mkubwa mtego hauwekeki.

Akili za Nyumba zililazwa kwenye kurasa kubwa kwa sababu ya mwendo. Kiini kina uwezo mdogo wa kukumbuka anwani. Mtu mzima akilazwa kwenye ukurasa mmoja mkubwa, anwani yake ni moja, kiini kinaikumbuka, na mtu anaongea na kucheka kama alivyokuwa anacheka. Lakini ukurasa mkubwa ni kitu kizima. Una anwani moja na ruhusa moja. Huwezi kutega kipande chake; ukitaka kutega, sharti uukate uwe vijikurasa, maelfu kwa maelfu, kila kimoja na anwani yake na ruhusa yake. Hapo kiini kinaanza kupotea njia. Kila hatua kinauliza, hiki kiko wapi? Kikishaambiwa, kinasahau, kinauliza tena. Mtoto wa miaka sita hana mengi kichwani, vijikurasa vyake ni vichache, hahangaiki sana. Mtu wa miaka arobaini anakuwa mzito kama anayetembea kwenye tope la kifuani.

Na Sekela hakuwa peke yake kwenye ukurasa.

Hilo lilikuwa jambo la watu wa Njombe, sehemu nyingine halikuwepo. Makaburi ya kule hupangwa kwa ukoo, mume hapa, mke pale, watoto miguuni, na Nyumba ilipoanza watu walikataa kabisa wafu wao watawanywe kwenye mashine kama mahindi yaliyomwagika. Wakadai walazwe pamoja. Wakubwa wa Nyumba walikubali haraka kwa sababu nafasi ilikuwa inaisha, na watu wawili kwenye ukurasa mmoja ni nafuu. Yusta na Sekela walilazwa pamoja siku ya Pasaka. Mchungaji alikuja, kwaya ikaimba kati ya mashine, na Melkiori akatoa mbuzi. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na ukurasa wake. Nafasi walizoziacha zilijazwa na wengine kwaya haijafika hata getini.

*

"Leo si Jumapili," Yusta alisema mara tu spika yake ilipowaka. "Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Basi umeoa."

"Nani anitake na soksi hizi?"

"Zile za kijivu? Baba Sekela, zile nilizitupa mimi mwenyewe!"

"Nilizitoa jalalani."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kilekile, kinaanzia puani, kinamshinda, kinatoka chote. Melkiori akangoja kiishe. Alitamani kisiishe.

"Sekela anaumwa," akasema.

"Anaumwa nini? Mtu akishakufa anaumwa nini tena?"

"Amekwama. Palepale kwenye lori. Hatoki."

Yusta akanyamaza. Waliohifadhiwa wakinyamaza hakuna pumzi ya kusikia, na mtu unabaki hujui kama yupo.

"Anasemaje?"

"Anakuita wewe. Anasema mguu."

"Najua anachosema," Yusta akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwepo. Kila siku napita pale, Baba Sekela. Sijawahi kukwambia. Kila siku namrudia, namshika, ananiambia mama mguu wangu, namwambia tulia mwanangu, tulia, mama yupo. Nikikosa kumwambia hivyo naona siku haijaenda."

"Usijitese."

"Si mateso. Ndiye mwanangu." Kisha, kwa ile sauti ya kumtuma dukani: "Sasa unangoja nini? Mtengeneze."

"Nitaukata ukurasa wenu. Wewe utakuwa mzito sana. Utanisikia kama mtu aliye ng'ambo ya bonde."

"Halafu?"

"Nikimaliza nauunga tena. Ukurasa uliokatwa unaungika palepale ulipo, haudai nafasi mpya."

"Niapie."

"Mama Sekela, nimekwambia nitauunga."

"Wewe uliniambia zile soksi umezitupa. Niapie."

"Naapa," Melkiori akasema, na alikuwa anasema kweli.

*

Akaukata Alhamisi asubuhi. Kukata hakuna kelele. Unaandika amri, unangoja, na sauti ya Yusta, iliyokuwa inamwambia afunge vifungo vya shati, inavutika, inavutika, mpaka haiwi sauti tena bali mngurumo, kisha haiwi hata mngurumo.

Akatega mtego kwenye kumbukumbu ya mguu, ndani ya vijikurasa vya Sekela, mahali ambapo mtoto alikuwa anarudi na kurudi. Aliona jambo lenyewe ni dogo. Wazo la mtoto limejifunga fundo, linajizungusha, atalishika mkia na kulifungua. Aliwahi kufanya hivyo kwa wazee, kwa askari, kwa bibi mmoja aliyekuwa anahesabu vijiko bila kuacha.

Mtego ukanasa. Kiini kikaleta jibu la kawaida: mahali palipoguswa, na aliyegusa.

Aliyegusa ni Yusta.

Melkiori akadhani amekosea. Akaondoa mtego, akautega upya, akakaa kwenye kiti, mikono kati ya magoti. Ikachukua muda, kwa kuwa Yusta sasa alikuwa anakwenda kwa tope. Mtego ukanasa tena.

Yusta.

Akauhamisha, akautega kwenye kumbukumbu ya vumbi la mbao, kwenye harufu ya dizeli, kwenye kile kiatu. Kote vidole vilikuwa vya mtu mmoja.

Hapo akaelewa, na akili yake ikaelewa kabla moyo haujakubali. Kwenye ukurasa mkubwa ruhusa ni moja. Kati ya mama na mtoto hapakuwa na ukuta. Yusta alipokuwa kwenye ukurasa wake peke yake, alikumbuka kama watu wote wanavyokumbuka, ndani ya kichwa chake. Walipolazwa pamoja, kila alipoinuka kwenda kumkumbuka Sekela kwenye lori, aliingia kwenye lori lililo karibu zaidi, na lililo karibu lilikuwa la Sekela mwenyewe, bado la moto. Hakuwa anamkumbuka mtoto. Alikuwa anamrudisha. Anamtoa kwa kuku wake na nyimbo zake, anamlaza chini ya mbao, anamwambia tulia mwanangu, mama yupo. Kila siku, tangu Pasaka. Na kiini hakikuwa na la kusema, kwa sababu kwenye ukurasa mkubwa kilichokuwa kinajua ni hiki tu: ukurasa huu umeandikwa. Nani kaandika na wapi, hakikujua mpaka ukatwe.

Akamwita Mama Mhagama. Mama huyo akasoma kioo cha mashine, akakisoma tena, akavuta kiti akakaa.

"Maskini," akasema. "Anambembeleza."

"Waweke kila mmoja ukurasa wake."

"Nafasi iko wapi? Nitafutie wewe." Akafungua ramani ya mashine. Madoa meupe ya nafasi tupu yalikuwa yametapakaa kama unga ulionyunyizwa. "Ukiyajumlisha haya yanatosha watu mia. Yakiwa yametawanyika hivi, hayamtoshi hata mmoja. Ukurasa mkubwa unataka nafasi iliyoshikamana, na iliyoshikamana haipo. Nimeomba mashine mpya tangu mwaka jana. Wananijibu wamepokea maombi. Na mtoto naye hatumhamishi: tangu Pasaka vipande vyake vimeshikana na vya mama yake, ukiving'oa unamrarua."

"Kuna yule mzee wa safu ya nyuma. Hakuna anayekuja kumwona."

"Tumtawanye yeye, tumweke mkeo?"

Melkiori akatazama safu ya nyuma. Funguo alikuwa nazo. Alilifikiria jambo hilo, na baadaye kilichomtia aibu ni jinsi alivyolifikiria kwa muda mrefu.

"Sikiliza, Mzee Mgaya," Mama Mhagama akasema. "Ukiunga kama ulivyomwahidi, mtoto anarudi chini ya mbao na kesho atazimwa. Usipounga, unaweka ukuta kati ya vijikurasa, mtoto anapona, na mkeo anabaki hivi alivyo. Au unamzima mtoto wewe leo, mkeo anaungwa peke yake na Jumapili anakucheka soksi."

"Tumwambie aache kukumbuka."

"Mwambie mama asimkumbuke mwanawe. Nenda. Mimi nakaa hapa nakusubiri."

"Ningemwuliza anataka nini."

"Muulize."

Akamwuliza. Akaandika swali kwa maneno machache kadiri alivyoweza, akalituma. Kiini kikaanza kumpelekea Yusta neno la kwanza, kikipapasa kila kipande cha akili yake kutafuta mahali pa kuliweka. Mchana ukapita. Jioni mlinzi akaja kufunga milango, neno la kwanza lilikuwa halijafika nusu.

"Hatajua ameulizwa mpaka mvua zianze," Mama Mhagama akasema. "Mkaguzi ni kesho."

*

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua. Alisimama mbele ya spika ya Sekela, akaweka kitambaa puani, akasikiliza.

"Baba," ikasema spika, "yule kuku mweusi alitaga au alikuwa ananidanganya tu?"

"Alitaga," Melkiori akajibu.

"Mangapi?"

"Mengi."

"Mlikula?"

"Tulikuwekea."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akapiga muhuri, akapita spika ya pili. Hiyo ilikuwa kimya. "Na huyu?"

"Huyu hana maumivu," Mama Mhagama akasema upesi. "Ni mzito tu."

"Uzito sio kosa," mkaguzi akasema, akapiga muhuri na hapo.

Ukuta Melkiori alikuwa ameuweka asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri. Ulikuwa ni amri ya mstari mmoja: vijikurasa vya Sekela visiguswe na Yusta. Akilini mwake alijitetea kwamba hakuna aliyekufa. Alijitetea hivyo njia nzima kwenda nyumbani, na alipofika alikaa kitandani na viatu miguuni, akaona kwamba alikuwa amemwapia mke wake, na kwamba mke wake bado yuko kule kwenye tope akingoja kuungwa, na kwa mwendo wake kiapo kilikuwa kimetolewa sasa hivi tu.

*

Jumapili zilifuatana. Sekela aliongea mpaka akachoka. Alijifunza nyimbo mpya kutoka kwa wageni wa wafu wengine, na alipozikosea alidai ndivyo zilivyo.

Juu ya spika ya Yusta kulikuwa na taa ndogo nyekundu. Melkiori hakuiweka, ilikuja na ukuta. Iliwaka kila Yusta alipojaribu kumgusa mtoto na kiini kikamkatalia. Mwanzoni ilikuwa inawaka mara kwa mara, kwa kadiri ya mwendo wake. Inawaka, inakaa kitambo, inazimika. Alikuwa anakwenda kwenye lori, ananyoosha mikono, na mahali pa mtoto hapana kitu. Baadaye ikawa inawaka kwa nadra. Melkiori alipaswa kufurahi. Alikuwa anaitazama kama mtu anayetazama mshipa wa shingo ya mgonjwa.

Mashine ilikuwa inakusanya sauti za Yusta, chembe kwa chembe, na kuziunganisha. Neno la kwanza lilichukua kiangazi chote. Melkiori alikataa kulisikia likiwa nusu. Alimwambia Mama Mhagama amwite likikamilika lote pamoja na linalofuata, na Mama Mhagama akamwita siku ambayo mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ikabidi wainamishe vichwa kwenye spika.

Halikuwa jibu la swali alilomwuliza. Swali lilikuwa halijamfikia bado. Lilikuwa lake mwenyewe, alilolianza siku taa ilipowaka mara ya kwanza.

"Nimemkosea nini?"

Mama Mhagama akaenda dirishani, akawa anaangalia mvua.

"Anadhani mtoto amemnunia," Melkiori akasema.

"Nimesikia."

"Nimwambie nini?"

"Mimi sijui, baba. Mimi kazi yangu ni kupanga zamu."

Akaketi mbele ya kibodi. Ukweli ulikuwa mrefu. Ungemaliza mwaka kufika, na ukifika ungemwambia kwamba kila alipombembeleza mwanawe alikuwa anamvunja mguu. Uongo ulikuwa neno moja. Akafuta swali lake la zamani, lililokuwa bado linamfuata Yusta, akaandika: Hujamkosea. Akatuma. Kioo kikaonyesha sauti ya kwanza ikianza kuhamia, pole pole, kuelekea kwa mke wake. Kwa siku nyingi zijazo angeweza kuisimamisha akitaka.

"Baba!" Sekela akaita kutoka spika yake. "Unaongea na nani?"

"Na mama yako."

"Kasemaje?"

Melkiori akajifuta uso kwa kiganja. "Anakusalimia."

"Mwambie na mimi namsalimia. Mwambie aje tucheze. Mwambie Sekela anasema njoo."

Akaiangalia taa nyekundu. Ilikuwa imezimika tangu wiki iliyopita. Kama Yusta angesikia jina lile, angeinuka tena, angenyoosha mikono tena, na kiini kingemrudisha mikono mitupu, na angejiuliza upya kosa lake ni lipi.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia, mama."

Hakumwambia.